Pampu ya mawimbi kwenye tangi la samaki la sentimita 120: inachimba mchanga, inaunguruma, na umeme ukirudi inagoma kuwaka

Bangwe120

Habari wakuu. Naomba msaada wa pampu ya mawimbi, ile ya kusukuma maji ndani ya tangi yawe na mkondo, kwa wanaoijua vizuri.

Tangi ni la kioo cha milimita 10: urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, maji yanafika 45. Samaki ni wa Ziwa Tanganyika: Tropheus duboisi 14 na Julidochromis wawili, na kona ya kulia nimewawekea Lamprologus wadogo makombe ya konokono. Mawe ni mengi. Mchanga ni wa ziwani, unene kama sentimita 4. Chujio ni la nje, limeandikwa lita 1,200 kwa saa. Bomba la kunyonya liko kulia chini, la kurudisha maji liko kulia juu. Joto la maji ni nyuzi 26 hadi 27.

Pampu yenyewe ni ya volti 24, inajishika kwa sumaku, imeandikwa lita 5,000 kwa saa, ina kidhibiti cha ngazi 10. Nimeifunga ubavu wa kushoto katikati ya kimo, inapiga kulia, ngazi ya 8, mtindo wa kuwaka na kuzima harakaharaka.

Matatizo: mchanga wa katikati umehama mpaka kioo cha chini kinaonekana, umerundikana kulia juu ya makombe. Uchafu mwepesi haufiki kwenye chujio, unatulia kushoto chini ya pampu. Pampu inaunguruma kama imemeza kokoto. Na kubwa zaidi, umeme ukikatika na kurudi mara nyingine haiwaki mpaka niigonge kwa kidole. Ikishawaka inaenda, ila kwenye ngazi za juu huwa inazima yenyewe.

Niibadilishe, au ni ufungaji?

FundiVioo_Ujiji

Mkuu usiibadilishe kwanza. Mchanga na uchafu ni suala la mahali na nguvu. Mngurumo na kugoma nitawaachia wanaojua umeme na rota, ile sehemu yenye sumaku inayozunguka ndani ya mota.

Kabla ya yote: kama mawe yamekaa juu ya mchanga, zima pampu sasa hivi. Mkondo ukila mchanga chini ya jiwe, jiwe linalala, na jiwe la kilo 5 likiegemea kioo cha mbele hapo hakuna cha kuokoa. Toa mawe, yakalishe kwenye kioo cha chini chenyewe juu ya kipande cha plastiki ngumu, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Hata bila pampu hawa samaki wanachimba wenyewe, kwa hiyo hili halina mjadala.

Sasa nguvu. Maji yako ni 120 × 45 × 45, yaani lita 243. Toa mawe na mchanga, zinabaki kama 210. Kwa ngazi ya 8 unazungusha maji yote karibu mara 20 kwa saa. Hicho ni kiwango cha tangi la matumbawe ya bahari. Ni kweli Tropheus wanatoka kwenye mawe ya ufukweni yanayopigwa na mawimbi, na kusi ya Mei hadi Septemba wote tunaijua, lakini ziwani kila jiwe lina mgongo wa kujikinga na samaki anaweza kushuka mita mbili akapumzika. Kwenye upana wa sentimita 45 hana pa kwenda. Mara 10 hadi 15 kwa saa inawatosha, tena ukijumlisha na chujio. Chujio lililoandikwa 1,200, likishajazwa sponji na kupandisha maji hadi juu, linatoa pengine 700 au 800. Kwa hiyo pampu ya mawimbi ichangie lita 1,400 hadi 2,400 tu. Anza ngazi ya 3, nenda ya 4 ukiona panahitajika.

Mahali. Pampu ikiwa katikati ya kimo, mkondo wake unatanuka kadiri unavyokwenda mbele, na ukifika katikati ya tangi unakuwa umeshagusa mchanga. Ndiyo maana pameliwa hapo. Ukiipandisha mpaka kitovu chake kiwe sentimita 12 hadi 15 chini ya uso wa maji, na ukaielekeza juu kidogo, nguvu inaishia juu. Usiipandishe zaidi ya hapo: ikikaribia sentimita 5 inaanza kuvuta hewa kwa kimbunga kidogo, tangi linajaa viputo na pampu inapiga mluzi.

Uchafu nao una njia yake. Maji yanayosukumwa juu kwenda kulia yakigonga kioo cha kulia yanashuka, kisha yanarudi kushoto yakipita chini. Yakifika chini ya pampu yanakosa kasi na kuutua mzigo. Bomba lako la kunyonya liko upande ambao uchafu unaanza safari, si unakoishia. Hamishia pampu kulia, karibu na bomba la kurudisha maji la chujio, vyote viwili visukume kushoto. Maji yatashuka kwenye kioo cha kushoto na kurudi chini kwa chini mpaka mdomoni mwa bomba la kunyonya. Mawe ya nyuma yaache nafasi ya sentimita 5 mpaka 7 na kioo, la sivyo nyuma yake patakuwa jalala.

Kuifunga: chomoa kila kitu kabla mkono haujaingia majini. Safisha kioo ndani na nje mahali pa sumaku, punje moja ya mchanga ikibanwa hapo inakwangua kioo na kovu halitoki. Soma sumaku imeandikwa unene gani. Iliyoandikwa mwisho kioo cha milimita 8, kwenye kioo chako cha 10 itakuwa inateleza polepole usiku. Weka kipande cha ndani kwanza ukikishikilia, kisha lete cha nje kwa kukitelezesha kutoka pembeni. Ukivileta uso kwa uso vinarukana na kidole kikiwa katikati ni shida. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha ndiyo upande kwenye plagi, ili maji yanayofuata waya yadondoke sakafuni. Adapta na kidhibiti vifungwe ukutani juu ya usawa wa maji, visiwekwe sakafuni nyuma ya tangi.

Ukimaliza, jaribio ni hili: zima chujio, acha pampu ya mawimbi, nyunyiza chakula kilichosagwa unga, kiasi cha ncha ya kijiko. Tazama kwa dakika tano unga unaishia wapi. Panapotulia rundo ndipo mkondo haufiki. Geuza pampu kidogo, kama upana wa kidole, rudia. Usirekebishe kwa kuongeza ngazi kabla hujajaribu kugeuza.

Umeme_Mwanga

Naongezea upande wa rota. Dalili zako mbili, kuunguruma na kugoma umeme ukirudi, karibu kila mara zina chanzo kimoja: rota haizunguki huru. Ikiwa kwenye mwendo ina msukumo wa kuupita ukoko. Ikishasimama, nguvu ya kuanzia haitoshi, ndiyo maana ukiigonga inashtuka na kuondoka.

Ifungue. Kikapu cha mbele huwa kinazungushwa robo mduara kinatoka, kisha pangaboi inavutwa pamoja na rota. Vuta kwa unyoofu. Ndani yake kuna ekseli ya kauri nyembamba kama njiti, ukiipinda inakatika. Sasa iangalie kwenye mwanga. Maji yetu ya bomba ni ya ziwa, yana alkali nyingi, kwa hiyo utaona ukoko mweupe kwenye rota, kwenye ekseli na ndani ya tundu inamokaa. Pitisha kucha: ukikwaruza kama chaki, ndiyo chokaa yenyewe. Angalia pia punje nyeusi zilizonata kwenye sumaku ya rota, na michirizi ya duara kwenye plastiki ya tundu. Hizo punje ni mchanga wenye madini ya chuma. Hazitoki kwa maji, zitoe kwa mswaki na utepe wa gundi.

Ukoko unatolewa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au maji ya limao yaliyochujwa. Zamisha pangaboi, rota, ekseli na kikapu. Tundu la mota lijaze kwa bomba la sindano. Utaona viputo vidogo, vikikoma kazi imeisha, kwa kawaida dakika 30 hadi 60. Piga mswaki laini, suuza kwa maji mengi. Usitumie steelwaya, usitumie sabuni, na usichanganye siki na dawa ya kufulia yenye klorini maana inatoa gesi ya sumu. Ukishakausha, zungusha pangaboi kwa kidole: iwe laini, yenye vishindo vidogo vya sumaku tu. Ikiwa inakwama mahali palepale kila mzunguko, angalia kama ngozi ya plastiki ya rota imepasuka. Maji yakifikia sumaku inapata kutu na kuvimba, na rota ya namna hiyo haifufuki. Tafuta rota mpya, au pampu nyingine kama haiuzwi peke yake, kwa sababu kutu yake inaingia kwenye maji ya samaki.

Mngurumo wa kokoto ni mchanga au ekseli iliyolegea. Ukisikia mtetemo mzito unaohisiwa hata kwenye kioo, angalia vipande vya mpira kati ya pampu na kioo, kimoja kitakuwa kimedondoka. Na ukisikia mlio wa tik-tik kila inapowaka, unatokana na huo mtindo wako wa kuwasha na kuzima, ambao kusema kweli sioni unakusaidia nini.

Kuzima kwenye ngazi za juu nahisi ni adapta. Pima kwa multimita (kipima umeme) volti pampu ikiwa imezimwa, kisha pima tena ikiwa ngazi ya 9, ukigusa kwenye jeki, yaani plagi ndogo ya waya wa adapta, inapoingia kwenye kidhibiti. Tuletee namba zote mbili, na maandishi ya kwenye adapta.

Bangwe120

Ahsanteni sana wakuu. Nimefungua, ukoko upo mweupe kabisa na punje nyeusi nyingi zimezunguka sumaku. Ngozi ya rota ni nzima. Baada ya siki mngurumo umeisha na inawaka yenyewe hata nikichomoa na kuchomeka mara nyingi.

Adapta imeandikwa volti 24, ampea 1. Pampu imeandikwa wati 22. Bila mzigo inasoma 24.2, ngazi ya 9 inashuka mpaka 18 na kidogo, halafu kidhibiti kinazima. Kwenye ngazi ya 4 inasoma 23.6.

Nimeshahamishia pampu kulia. Uchafu sasa unakwenda kwenye chujio vizuri. Ila sasa Lamprologus wa makombe wako chini yake palepale. Na kuna mdau mwingine kaniambia nifunge pampu mbili zitazamane, moja kila ubavu. Mnasemaje?

MamaTropheus

Mwanangu, hao wa makombe wahamishe, lakini si mbali. Chini kabisa ya pampu pana utulivu wa kutosha kwao, ila ndipo bomba la kunyonya lilipo na uchafu wote unapita hapo. Wapeleke mbele, kama sentimita 30 kutoka ubavu wa kulia, na mbele yao upande wa kushoto laza jiwe bapa lenye kimo cha sentimita 8 hadi 10. Mkondo wa chini unaorudi utapanda juu ya jiwe na nyuma yake mchanga hautahama. Mchanga hapo uongeze ufike sentimita 5 au 6, kwa sababu wanafukia makombe wenyewe na kugeuza mdomo wanavyotaka. Ukiona wanachimbua kombe lilelile kila asubuhi ujue mchanga bado unawaangukia, jiwe lisogeze.

Jambo la vifaranga hakuna aliyeligusa. Wa makombe na Julidochromis wakizaa, watoto wa milimita 5 au 6 wanapita kwenye matundu ya kikapu. Vika kikapu sponji yenye matundu makubwa, ya kuonekana kwa macho, na uioshe kila wiki kwa maji ya tangi. Sponji ya matundu madogo inaziba haraka, pampu inavuta kwa shida, inapata joto na kelele zinarudi. Kwa vifaranga wa Tropheus huna haja ya hofu sana, mama anawaatamia mdomoni wiki nne hivi na wanatoka wakubwa.

Nguvu sahihi watakwambia samaki wenyewe. Tropheus wakiwa sawa wanakwangua mwani kwenye mawe wakiwa wametazama mkondo, mapezi wazi. Wakijibanza nyuma ya mawe mchana kutwa na kutoka wakati wa chakula tu, punguza ngazi moja. Alfajiri wakining'inia juu wakipumua haraka, uso wa maji hautikiswi vya kutosha: usiongeze ngazi, inua mdomo wa pampu. Oksijeni inaingia juu. Maji ya nyuzi 27 usawa wa bahari yanabeba karibu miligramu 8 kwa lita yakishiba. Sisi ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, hivyo ni kama 7.3 tu. Usiku mwani nao unaitumia, kwa hiyo kama kidhibiti kina mtindo wa usiku unaopunguza mkondo, usishuke mpaka uso ukatulia kama kioo.

Na wakati wa kulisha zima pampu dakika 10. Chakula kikizungushwa kwenye mawe kinaoza huko, na tumbo la Tropheus halivumilii maji machafu.

FundiVioo_Ujiji

Mama amesema kweli tupu kuhusu jiwe bapa.

Pampu mbili za kutazamana sikushauri. Kwenye matangi ya matumbawe wanazitumia ili mikondo igongane na kuwa ya fujo, kwa sababu tumbawe halihami na linataka maji ya kila upande. Wewe unataka uchafu ufuate njia moja mpaka kwenye bomba. Mikondo ikigongana katikati, mzigo wote unadondoka katikati, nyuma ya mawe, mahali pagumu kufikia. Ukiwa na pampu mbili kweli, zifunge ubavu mmoja, ngazi ya chini zote, moja iwe akiba.

Huo mtindo wa kuwaka na kuzima uache kwa sababu nyingine tena. Tangi lako la sentimita 120 lenye maji ya sentimita 45 lina mpigo wake wa asili: maji yakisukumwa yanakwenda na kurudi kwa sekunde 1.4 hivi. Kidhibiti kikipiga karibu na mpigo huo, kila msukumo unaongezea uliotangulia, na wimbi linapanda sentimita kadhaa kila ncha japo pampu ni ndogo. Linapendeza kutazama, lakini silikoni za pembe zinavutwa na kuachiwa mara elfu 60 kwa siku. Tangi la kuunganishwa na fundi wa mtaani, lisilo na vioo vya kukaza juu, usilifanyie hivyo. Kama lazima ubadilishe mkondo, weka sekunde 10 nguvu na 10 pole, na uso wa maji usipande zaidi ya sentimita 1 kwenye kioo.

Kwa wengine watakaosoma: pampu zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 zisiwekwe kwenye kiwasha-na-kuzima kabisa. Nyingi zinaweza kuanza kuzunguka upande wowote, na kuna kidole cha plastiki kinachozigongesha zigeuke. Kila kuwaka ni kishindo kwenye kidole hicho. Kikikatika, pampu inazunguka kinyume, inavuma lakini haisukumi.

Umeme_Mwanga

Namba zako zinajieleza. Wati 22 kwa volti 24 ni karibu ampea 0.92, na adapta ni ya ampea 1, tena ya bei nafuu, haina pumzi. Kwenye ngazi ya 4 itakuvusha, lakini ikiwa na joto la kushindwa kuishika mkononi ibadilishe. Nunua ya volti 24, ampea 2. Ampea zikizidi hazina madhara, pampu inachukua inachohitaji. Volti ndizo lazima zilingane. Kabla ya kuchomeka linganisha mchoro wa chanya na hasi kwenye adapta zote mbili: nukta ya katikati iwe na alama ileile. Jeki ikicheza, usiibane kwa karatasi, badilisha.

Kuhusu kukatika kwa umeme. Kitu cha kwanza kupewa akiba ni hii pampu, chujio lifuate, kwa sababu uso wa maji ukitikisika samaki wanapumua. Betri ya volti 12 haiwezi kuiendesha moja kwa moja. Weka kifaa cha kupandisha volti kutoka 12 hadi 24, kinachotoa volti zisizoyumba. Betri mbili kwa mfululizo naziogopa, zikiwa kwenye chaji zinafika volti 28 na kidhibiti kinaweza kuungua. Kwa ngazi ya 4 pima matumizi, tuseme wati 6. Betri ya ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Tumia nusu ili isife mapema, toa upotevu wa kifaa, unabaki na kama 90. Hiyo ni saa 15.

Umeme ukirudi, kagua vitu viwili. Kidhibiti: vingine vinaanza upya kwenye ngazi ya juu kabisa na kuvuruga mchanga wote, kwa hiyo katika jaribio lako la kuchomoa angalia kinarudi ngazi gani. Na chujio la nje likikaa limezimwa zaidi ya saa tatu au nne, lifungue kwanza, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Yale maji yamekosa oksijeni na bakteria wameanza kufa humo. Yakisukumwa kwa mkupuo kwenye tangi yanadhuru samaki kuliko umeme wenyewe kukatika.

Mchanga wako upunguze zile punje: uanike mkavu, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mara kadhaa, geuza mfuko, tupa. Rota ioshe kwa siki kila baada ya miezi miwili, na kama hujafunga bado, mwite fundi umeme akuwekee kwenye laini ya tangi swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Chujio lako linatumia volti 230 na hita kama unayo pia, na hizo ziko majini au zimeunganishwa na maji muda wote.